Karatasi na Anayeisoma: Majimbo ya Marekani na Sheria za Uhamiaji



Mada niliyopewa ni sheria za uhamiaji ambazo majimbo ya Marekani yamejitungia yenyewe, na hasa lile sharti la kuonyesha kitambulisho pale askari anapotaka kujua kama mtu yuko nchini kihalali. Najua wapo wanaojiuliza mambo ya Arizona na Texas yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Katika miaka kadhaa tangu 2016, Wakongo ndio walioongoza kwa wingi miongoni mwa wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao wamekwenda na Kiswahili chao hadi huko huko Arizona na Texas. Ongeza Wakenya, Watanzania, Waganda, Warundi na Wasomali walioko kule kwa masomo, kwa kazi au kwa ndoa. Simu inayoingia usiku kutoka kwa mjomba au dada aliye ng'ambo mara nyingi huwa ni habari ya makaratasi: yametoka, yamechelewa, yamekataliwa.

Mjadala huu kwa kawaida hugeuka ubishi juu ya hati: nani anayo, nani hana, na asiye nayo afanywe nini. Mimi naona ubishi huo umeliacha pembeni jambo lenyewe. Hati haijisemei. Inasomwa na mtu, na mtu huyo ana bastola kiunoni na pingu mkononi. Kwa hiyo sheria yoyote ya vitambulisho tuipime kwa maswali matatu. Nani ameruhusiwa kudai hati? Anaidai kwa sababu gani? Akishaiona, analazimika kufanya nini? Sheria nyingi za majimbo zimeanguka katika mtihani huu, na walioumia si wasio na hati peke yao.

Arizona ilifikaje hapo

Tuwatendee haki watu wa Arizona kwanza. Jimbo lao linapakana na Mexico. Serikali kuu ya Washington ilikaza ulinzi katika miji ya mpakani, El Paso mwaka 1993 na San Diego mwaka 1994, na watu waliokuwa wakivuka mijini wakasukumwa jangwani. Jangwa hilo liko Arizona. Katika mwaka wa bajeti wa 2000, askari wa mpaka wa eneo la Tucson peke yao walikamata watu zaidi ya mara 600,000. Wafugaji walikuta nyaya zao zimekatwa na maji ya mifugo yamenywewa. Maiti za waliokufa kwa kiu ziliokotwa nyikani mwaka baada ya mwaka. Bunge la Marekani likajaribu kurekebisha sheria ya uhamiaji mwaka 2006, likashindwa. Likajaribu tena 2007, likashindwa. Mwezi Machi 2010 mfugaji mmoja akauawa kwenye ardhi yake karibu na mpaka, na wengi wakaamini kwamba muuaji alitoka upande wa pili.

Katika hali hiyo, tarehe 23 Aprili 2010, Gavana Jan Brewer alitia saini sheria iliyojulikana kwa namba yake, SB 1070. Mwenye mswada alikuwa Seneta Russell Pearce, akisaidiwa na mwanasheria Kris Kobach. Ilikuwa na vifungu vingi, lakini vinne ndivyo vilivyobeba uzito. Kifungu cha kwanza kiliagiza kwamba askari akimsimamisha mtu kwa kosa lolote, na akawa na shaka yenye msingi kwamba mtu huyo yuko nchini bila kibali, lazima ajaribu kuhakikisha hali yake ya uhamiaji. Cha pili kilifanya kuwa kosa la jinai la jimbo mgeni kutembea bila hati zake za usajili. Cha tatu kilimfanya asiye na kibali kuwa mhalifu kwa kuomba kazi tu. Cha nne kiliwaruhusu askari kumkamata mtu bila hati ya mahakama wakiamini ametenda kosa linaloweza kumfanya afukuzwe nchini.

Zaidi ya hapo, mkazi yeyote halali aliruhusiwa kuishtaki idara ya polisi inayolegeza utekelezaji, na faini ilifika dola 5,000 kwa siku. Maana yake askari aliyetaka kutumia busara yake na kumwachia mtu aende zake alikuwa anaitia idara yake hatarini.

Sura kama ushahidi

Wengine walisema: ubaya uko wapi? Mwenye hati aonyeshe, aende zake. Sisi tuliozoea kuulizwa kitambulisho kila kona tunaweza kukubali haraka. Lakini Marekani haina kitambulisho cha taifa. Raia wa Marekani hana wajibu wa kutembea na hati yoyote. Akiendesha gari atabeba leseni. Akitembea kwa miguu anaweza kwenda na kurudi mikono mitupu, wala hajavunja sheria. Mahakama ya Juu imelilinda jambo hilo. Kati ya 1975 na 1977 mtu mweusi aliyeitwa Edward Lawson, aliyependa kutembea kwa miguu huko California, alisimamishwa na polisi mara zipatazo 15 kwa sheria iliyomtaka atoe utambulisho wa kuaminika. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu iliitengua sheria ile kwa sababu ilimwachia askari aamue mwenyewe utambulisho upi unatosha. Mwaka 2004 mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba jimbo linaweza kumtaka mtu anayeshukiwa kosa ataje jina lake. Kutaja jina ni jambo moja, kutoa hati ni jambo jingine.

Mgeni, kwa upande wake, anabanwa na sheria ya nchi nzima: tangu 1952, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anatakiwa awe na hati yake ya usajili wakati wote. Sasa mwekeni askari barabarani. Mbele yake wako watu wawili wasio na hati mfukoni. Mmoja ni raia, hana kosa. Wa pili ni mgeni, ana kosa. Askari anamjuaje yupi ni yupi kabla hajauliza? Amebakiwa na rangi ya ngozi, lafudhi, mavazi na aina ya gari. Mwaka 2010 karibu asilimia 30 ya wakazi wa Arizona walikuwa wenye asili ya Kihispania, na wengi wao ni raia waliozaliwa humo humo, baadhi yao wa koo zilizokuwako kabla Marekani haijaichukua ardhi ile kutoka Mexico. Siku ya kutia saini, waandishi walimuuliza gavana mhamiaji asiye na kibali anafananaje. Akajibu kwamba hajui. Jibu hilo lilikuwa la kweli, na lilitosha kuionyesha kasoro ya sheria aliyokuwa ameisaini.

Wiki moja baadaye Bunge la jimbo lilirekebisha maneno ili kuzuia askari wasitumie rangi au asili ya mtu, isipokuwa pale Katiba inaporuhusu. Mlango uliachwa wazi kwenye hilo la mwisho. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba sura ya Kimexico peke yake haitoshi kumsimamisha mtu karibu na mpaka, lakini inaweza kuhesabiwa pamoja na sababu nyingine.

Angalieni pia suala la leseni. Sheria ya Arizona ilisema mwenye leseni ya Arizona achukuliwe kuwa yuko kihalali, na vivyo hivyo mwenye kitambulisho cha mamlaka inayodai uthibitisho wa uhalali kabla ya kukitoa. Jimbo jirani la New Mexico, tangu 2003, lilikuwa likitoa leseni bila kuuliza uhalali. Kwa hiyo raia wa Marekani, mzaliwa wa New Mexico, akiingia Arizona na leseni yake halali kabisa, leseni hiyo haikumhakikishia chochote. Kuvuka mstari kati ya majimbo mawili ya nchi moja kulitosha kuigeuza hati njema kuwa kipande cha plastiki.

Mahakama ziliamua nini

Serikali ya Rais Barack Obama iliishtaki Arizona mwezi Julai 2010. Tarehe 28 Julai, siku moja kabla sheria haijaanza kazi, Jaji Susan Bolton aliweka zuio juu ya vifungu vile vinne. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na hukumu ikatoka tarehe 25 Juni 2012, ikiwa imeandikwa na Jaji Anthony Kennedy. Vifungu vitatu vilitenguliwa: kosa la kutobeba hati, kosa la kuomba kazi, na ukamataji bila hati ya mahakama. Sababu ilikuwa kwamba mambo ya wageni ni ya taifa zima. Mgeni anayeteswa katika jimbo moja huweza kuiletea nchi nzima ugomvi na serikali yake, na Marekani haiwezi kuwa na sera 50 za uhamiaji. Jaji Kennedy alieleza pia jambo ambalo wengi hawalijui: kwa kawaida, kule kuwapo nchini tu kwa mtu anayestahili kuondolewa si kosa la jinai.

Kifungu cha kwanza, kile cha askari kuuliza, mahakama ilikiacha kwa wakati huo, ikasubiri kuona kitatumikaje. Ndiyo maana pande zote mbili, walioipinga sheria na walioitetea, zilitoka mahakamani zikisema zimeshinda. Mwaka 2016 Arizona ilifikia makubaliano ya kumaliza kesi nyingine iliyobaki, na mwanasheria mkuu wa jimbo akatoa mwongozo kwamba askari wasirefushe muda wa kumshikilia mtu kwa ajili ya kuuliza uhamiaji tu. Seneta Pearce mwenyewe alikuwa ameshaondolewa na wapigakura wake katika uchaguzi maalumu wa Novemba 2011, akashindwa na mtu wa chama chake mwenyewe.

Hukumu ya 2012 haikuzua jambo jipya. Mwaka 1939 jimbo la Pennsylvania lilitunga sheria iliyomtaka kila mgeni mtu mzima ajiandikishe kila mwaka, alipe dola moja, atembee na kadi na kuitoa askari akiidai. Mwaka 1941 Mahakama ya Juu iliizima kwa sababu ile ile, kwamba Washington ilikwisha weka utaratibu wake wa usajili wa wageni mwaka uliotangulia.

Mzizi ni wa zamani

Lakini kukabidhi jambo kwa serikali kuu hakulifanyi liwe la haki, na historia inatuonya.

Majimbo ya Marekani yalianza kudai karatasi kwa watu weusi, kabla ya kuwepo sheria za uhamiaji tunazozijua. Mwaka 1804 Ohio, jimbo lisilo na utumwa, iliagiza kila mtu mweusi anayehamia humo awe na cheti cha mahakama kuthibitisha kwamba yeye ni huru. Mweupe hakuulizwa. Katika majimbo ya utumwa, mtu mweusi aliyekutwa njiani bila hati alihesabiwa mtumwa mtoro mpaka athibitishe vinginevyo.

Frederick Douglass alitoroka utumwani kwa gari moshi kutoka Baltimore tarehe 3 Septemba 1838. Hakuwa na cheti cha uhuru. Alikuwa amevaa nguo za baharia, na mfukoni ana hati ya baharia aliyoazimwa na rafiki, yenye picha ya tai wa Marekani juu yake. Maelezo ya mwili yaliyoandikwa ndani ya hati ile hayakufanana naye vizuri. Mkagua tiketi alipoingia kwenye behewa la weusi aliwabana abiria wengine kwa ukali, lakini alipofika kwa Douglass, akaona vazi la baharia na yule tai, akaitazama hati kwa haraka, akapokea nauli, akapita. Angeisoma mistari miwili tu, Marekani ingempoteza mmoja wa wasemaji wake wakubwa. Msomaji alitaka kuiamini, hati ikapita.

Miaka 54 baadaye mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1892 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Mbunge Thomas Geary wa California, iliyomtaka kila kibarua wa Kichina achukue cheti cha ukazi. Atakayekutwa bila cheti alihesabiwa hayuko kihalali mpaka athibitishe mwenyewe, na ili asamehewe ilimbidi alete angalau shahidi mmoja mweupe mwenye kuaminika. Wachina wengi waligoma kujiandikisha, wakafungua kesi. Mmoja wa walalamikaji alikuwa ameomba cheti kabisa, akakataliwa kwa sababu mashahidi wake walikuwa Wachina wenzake. Mahakama ya Juu mwaka 1893 iliihalalisha sheria ile. Mlalamikaji yule alikuwa na ukazi wa kweli, alikuwa na mashahidi wa kweli, na havikumsaidia, kwa kuwa msomaji aliruhusiwa na sheria asiwaamini.

Barabarani na madarasani

Tuje kwenye miaka yetu. Mwezi Septemba 2007, kabla ya SB 1070, gari lilisimamishwa na askari wa Sherifu Joe Arpaio wa wilaya ya Maricopa, ulipo mji wa Phoenix. Dereva alikuwa mweupe, akashukiwa kwa mwendo kasi, akaachiwa bila faini. Abiria mmoja alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Mexico. Alitoa viza yake ya Marekani, kibali chake cha kuingia chenye mhuri ambao muda wake haujaisha, na kadi yake ya mpigakura ya Mexico. Alitiwa pingu, akawekwa mahabusu kwa saa kadhaa, mpaka ofisa wa uhamiaji wa serikali kuu alipotazama karatasi zile zile na kusema ziko sawa. Mwalimu yule alikwenda mahakamani. Mwaka 2013 Jaji Murray Snow aliamua kwamba ofisi ya sherifu ilikuwa ikiwabagua watu wa asili ya Kihispania. Arpaio aliendelea kukaidi amri za mahakama, akatiwa hatiani kwa kuidharau mwezi Julai 2017, na mwezi uliofuata akasamehewa na Rais Donald Trump. Walipakodi wa Maricopa wamelipa mamilioni mengi ya dola kwa gharama za kesi hiyo.

Mwaka 2011 Alabama ilipitisha sheria iliyozidi ya Arizona kwa ukali. Shule ziliagizwa kuchunguza uhalali wa watoto wakati wa kuwaandikisha, ingawa tangu 1982 Mahakama ya Juu imesema mtoto hawezi kunyimwa shule ya msingi na sekondari kwa sababu ya hali ya uhamiaji. Mwishoni mwa Septemba jaji aliruhusu sehemu kubwa ya sheria ianze kazi. Jumatatu iliyofuata watoto zaidi ya 2,000 wa asili ya Kihispania hawakuonekana madarasani. Wengi wao walikuwa raia, waliozaliwa Alabama, wenye wazazi wasio na kibali. Nyanya ziliozea mashambani kwa kukosa wachumaji. Mwezi Novemba polisi wa Tuscaloosa wakamkamata ofisa wa Kijerumani wa Mercedes-Benz, kampuni yenye kiwanda kikubwa katika jimbo lile, kwa kuwa alikuwa na kitambulisho cha Ujerumani tu. Pasipoti yake ilipoletwa aliachiwa, na tukio likaandikwa duniani kote. Nina swali juu ya tukio hilo: mvuna nyanya kutoka Guatemala angeletewa pasipoti na nani, na nani angeandika? Mahakama ya rufaa ilikuja kutengua kifungu cha shule mwaka 2012, lakini muhula wa watoto wale ulikuwa umekwisha vurugika.

Wimbi limerudi. Texas ilitunga sheria ya aina hiyo Desemba 2023, Oklahoma na Iowa zikafuata 2024, Florida Februari 2025, kila moja ikifanya kuingia au kuwapo kwa asiye na kibali kuwa kosa la jimbo. Majaji wamekuwa wakiweka mazuio, majimbo yakikata rufaa. Tarehe 16 Aprili 2025, siku 12 baada ya jaji kuizuia sheria ya Florida, askari wa barabara kuu walilisimamisha gari lililokuwa likitoka Georgia. Ndani yake alikuwemo kijana wa miaka 20 anayekwenda kazini. Alikuwa amezaliwa Georgia, raia wa Marekani. Alishtakiwa kwa kuingia Florida kama mgeni asiye na kibali. Kesho yake mama yake alifika mahakamani na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Jaji akakipokea, akakipapasa, akakiinua kwenye mwanga, akaiona alama ya maji ndani ya karatasi, akasema ni halisi. Kisha akasema hana mamlaka ya kumwachia, kwa sababu idara ya uhamiaji ilikuwa imeomba kijana azuiliwe. Aliachiwa jioni ile, baada ya kelele za watu.

Hapo, ndugu zangu, ndipo mtihani wetu unapoonekana mzima. Hati ilikuwepo. Ilisomwa na jaji mwenyewe, akaiamini. Lakini hakuna aliyelazimika kufanya lolote kwa sababu ya hati hiyo.

Hoja za upande wa pili

Wanaotetea sheria hizi wana hoja tatu zinazostahili jibu. Wanasema serikali kuu imeshindwa kazi, na majimbo ndiyo yanayolipa hospitali, shule na magereza. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini deni la Washington halilipwi na abiria aliyekaa kiti cha nyuma. Majimbo yana maseneta, yana wabunge, na yana haki ya kudai fedha.

Wanasema sheria ni sheria, na ni dhuluma kwa waliosubiri foleni ya viza miaka mingi kuona wengine wanaipita. Hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu wengi wa waliosubiri ni ndugu zetu, wengine wamekaa kambi za Nyarugusu na Kakuma miaka kumi na zaidi. Lakini sheria inayomtambua mtu kwa sura haimlindi aliyesubiri foleni. Mkongo aliyefika Phoenix kwa njia zote halali ni mweusi, ana lafudhi, na karatasi zake za ukimbizi si za aina ambayo askari wa mtaani huziona kila siku. Yeye ndiye atakayesimamishwa.

Wanasema pia kwamba askari wa jimbo ni macho ya ziada. Lakini polisi hutegemea watu wa kuwaambia. Mama aliyepigwa na mumewe, kibarua aliyedhulumiwa ujira, shahidi aliyeona mauaji, wote wakiamini kwamba swali la kwanza la askari litakuwa la makaratasi, watanyamaza. Ndiyo maana wapo wakuu wa polisi, hata Arizona kwenyewe, walioipinga SB 1070.

Yapo majimbo yaliyochukua njia nyingine. California, iliyopiga kura mwaka 1994 kuwanyima huduma wasio na vibali, ilianza Januari 2015 kuwapa leseni za udereva, na katika miaka michache leseni zaidi ya milioni moja zilitolewa. New York ilifuata 2019. Leo majimbo 19 pamoja na mji wa Washington hufanya hivyo. Sababu zao ni za kawaida kabisa: dereva aliyefanya mtihani na mwenye bima ni salama zaidi kuliko aliyejificha. Hata hivyo leseni nyingi za namna hiyo zina maandishi yanayozitofautisha, na Florida mwaka 2023 iliamua kutozitambua leseni maalumu za baadhi ya majimbo. Hati inayotolewa kwa wema inaweza kusomwa kwa ubaya jimbo la pili.

Sisi tunalijua hili

Ukoloni wa Kiingereza Kenya ulitunga sheria ya kipande mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, kikiwa na alama za vidole vyake na maandishi ya mwajiri wake. Mzungu hakukivaa. Kipande kilikuwa moja ya malalamiko ya Harry Thuku, ambaye alikamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe walipigwa risasi.

Tulipopata uhuru tulirithi mazoea. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliwataka Wasomali wa Kenya wahakikiwe upya, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho cha taifa walichokuwa nacho. Kitambulisho kilikuwa kile kile cha Mkenya mwingine yeyote. Sura ya mwenye nacho ndiyo iliyokifanya kisitoshe. Kwa miaka mingi vijana wa kaskazini na Wanubi walihojiwa na kamati za uhakiki kuhusu babu zao kabla ya kupata kitambulisho, mpaka Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza Wajir kwamba uhakiki huo kwa watu wa kaskazini umekoma. Na mwishoni mwa mwaka huo huo, Wasomali wengine walio raia wa Marekani, huko Minneapolis, walianza kutembea na pasipoti katika mji wao wenyewe, kwa hofu ya maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu.

Nasema nini basi

Nasema nchi ina haki ya kujua nani anaingia na nani anaishi ndani yake, na kazi hiyo ni ya taifa, ifanywe na maofisa waliofundishwa, chini ya jicho la mahakama. Askari wa barabarani asipewe swali ambalo hawezi kuliuliza bila kwanza kumkadiria mtu kwa ngozi yake. Anayeidai hati awe na sababu anayoweza kuitaja mbele ya jaji. Na hati halali ikishaonyeshwa, mwenye nayo aachwe aende, na ofisa atakayemzuia ajibu kwa nini.

Kwa ndugu zetu walioko kule: kama wewe si raia na una hati za usajili, sheria ya nchi inakutaka uwe nazo, tembea nazo, na nakala mwachie mtu unayemwamini. Usitumie hati ya mwingine wala ya kughushi, na usidanganye kwamba wewe ni raia, maana kosa hilo linaweza kukufungia mlango daima. Una haki ya kunyamaza, kuuliza kama uko huru kuondoka, na kudai wakili. Usisaini karatasi usiyoielewa. Omba mkalimani wa Kiswahili, wapo. Mambo ya uhamiaji mpelekee wakili mwenye leseni, usimpe fedha mtu anayejiita mjuzi wa makaratasi.

Na kwa viongozi wetu, balozi zetu na wanasheria wetu: toeni pasipoti kwa wakati, maana mtu anayezungushwa na ubalozi wake mwenyewe hana pa kuanzia kujitetea. Kisha tazameni foleni za vitambulisho hapa nyumbani, katika vijiji vya mpakani na katika kambi, mkajiulize maswali yale yale matatu: nani anadai, kwa sababu gani, na akishaona anafungwa na nini. Tukiyajibu vizuri kwetu, tutakuwa na haki ya kuwadai wengine wayajibu kwa watoto wetu.